Chupi ya Sufu ya Mtoto: Jinsi ya Kuitambua Iliyo Bora

Mwezi wa Julai hapa Sachangwan nepi haikauki. Ukungu unashuka kutoka Mau alfajiri, malori yanapanda mlima saa nne asubuhi bado taa zinawaka, na nguo iliyoanikwa jana jioni inabaki nzito hadi kesho kutwa. Mama mwenye mtoto wa miezi mitatu ana nepi za taulo dazeni moja, na karibu zote ziko kwenye kamba. Pampasi zipo dukani, lakini zinaisha kila siku, na pesa ya viazi haiingii kila siku. Chupi ya plastiki nayo inazuia mkojo usitoke, ila inafungia ndani joto na jasho, na mtoto anaamka mapaja yamekuwa mekundu.

Kwa hali hii ya hewa sijui vazi linalomfaa mtoto kuliko chupi ya sufu inayovikwa juu ya nepi ya pamba. Lakini iwe chupi nzuri. Ile mbaya ni hasara ya uzi na usiku wa kilio, na ubaya wake hauonekani ukiitazama tu ikiwa imekunjwa vizuri mezani. Utaujua kwa vidole, kwa mwanga wa dirisha na kwa kijiko cha maji. Hata anayeshika sindano kwa mara ya kwanza anaweza kujifunza kuipima kabla hajajua kufuma sawasawa, na mimi naona ni afadhali aanzie hapo. Anayejua jinsi kazi nzuri inavyokaa mkononi atafumua yake mapema, akiwa safu ya tano, bila kungoja amalize ndipo ajute.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi ya vazi hili. Anayekunywa mkojo ni nepi. Chupi ya sufu inalinda shuka, blanketi na mgongo wa mama, huku ikiuachia unyevu utoke taratibu kama mvuke. Unywele wa sufu una magamba madogo sana kwa nje, na juu ya magamba hayo kuna mafuta ya kondoo. Ndiyo maana tone la maji halipenyi haraka. Ndani yake, unywele huohuo unapenda mvuke: sufu hubeba unyevu wa takriban theluthi moja ya uzito wake kabla mkono haujahisi ubichi. Tena inapovuta unyevu hutoa joto kidogo. Kwa mtoto anayelala Molo au Mau Summit, kwenye kimo cha karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, joto hilo kidogo lina faida kubwa saa tisa za usiku.

Sasa tuje kwenye uzi, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika kabla sindano hazijaguswa. Madukani uzi wowote wa sweta huuzwa kama sufu. Ule wa rangi kali, mwepesi, wa bei nafuu, ambao wasusi wanautumia hata kwa nywele, ni akriliki, yaani plastiki iliyovutwa ikawa nyuzi. Sina ugomvi na akriliki kwenye sweta ya shule. Kwenye chupi ya kuvika juu ya nepi haifai kabisa: hainywi unyevu, haishiki mafuta, mkojo unapita katikati ya vitanzi na kufika kwenye shuka mtoto akiwa bado hajamaliza kukojoa. Ukimfumia mtoto chupi ya akriliki kwa ustadi wote wa dunia, umemfumia pambo.

Kipimo ni moto. Kata kipande cha uzi cha urefu wa kidole, ukibane kwa kibano cha nyusi, uwe nje na maji karibu, watoto wawe mbali. Sufu ikiguswa na kiberiti inasitasita, inanuka kama nywele zilizoungua, na ukiondoa njiti mara nyingi inazimika yenyewe; majivu yake ni meusi na yanavunjika kuwa unga ukiyasugua. Akriliki inashika moto kwa pupa, inatoa moshi mweusi, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu kisichosagika. Uzi wa mchanganyiko utakuonyesha yote mawili: harufu ya nywele na punje ngumu ndani ya majivu. Kwa chupi ya nepi mimi huukataa huo pia. Muuzaji akikataa kukupa hata kipande cha kuchoma, nunua donge moja tu, ulichome nyumbani, kisha ndipo uamue.

Njia rahisi ya kupata sufu halisi kwa anayeanza ni mitumba. Nakuru mjini, kwenye marundo ya sweta zilizotoka Ulaya, zipo zenye kibandiko cha sufu tupu, na nyingine zina ile alama ya duara la mistari iliyosokotana, Woolmark, iliyoanza kutumika mwaka 1964. Usiishie kwenye kibandiko. Geuza sweta nje-ndani uangalie mshono wa ubavuni. Ikiwa vipande vilifumwa kwa umbo lake na kuunganishwa kwa mnyororo wa uzi, utaufungua mnyororo huo na sweta itafumuka kwa nyuzi ndefu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa kingo zilikatwa kwa mkasi na kuzungushiwa mshono wa mashine, iache: kila safu itatoka kama kipande kifupi, na utapata rundo la vipande badala ya uzi. Angalia pia kama sweta imeoshwa kwa maji ya moto ikajikunja na kuwa nzito kama blanketi. Hiyo haifumuki tena, lakini kuna wanaoikata na kuishona kuwa chupi moja kwa moja, na zinatoka nzuri.

Kuna kibandiko kimoja cha kuogopa. Sufu iliyoandikwa kwamba inaoshwa kwa mashine bila kusinyaa imeondolewa magamba au yamefunikwa kwa dawa kiwandani. Kwa soksi ni raha. Kwa chupi ya nepi imepungukiwa: haishiki mafuta vizuri, na haijifungi kwa kutumika kama sufu ya kawaida inavyojifunga.

Lakini kwa nini mtu wa Sachangwan aanze na sweta ya Ulaya wakati kondoo wanapita mlangoni? Upande wa Molo na Njoro kuna Corriedale, kondoo aliyetokana na kuchanganya Merino na Lincoln huko New Zealand katika karne ya 19, anayefugwa kwa nyama na sufu. Unene wa unywele wake ni kati ya mikroni 25 na 31 hivi. Huo ni unene ninaoupenda kwa kazi hii kuliko Merino halisi. Merino ni laini sana, ni kweli, lakini ulaini huo unalegea na kuchakaa kwenye mapaja ya mtoto anayetambaa. Corriedale ina nguvu na bado haichomi. Ila uchague manyoya ya mabega na ubavu, uache ya mapajani. Unywele ukizidi mikroni 30 ncha zake huanza kuchoma ngozi. Huna haja ya hadubini: weka donge la uzi shingoni chini ya sikio, endelea na shughuli zako dakika chache. Ukijikuta unajikuna, mtoto atajikuna zaidi.

Dorper, ambaye wafugaji wengi wamemhamia kwa sababu nyama ndiyo inayolipa, hana manyoya ya kusokota. Yake ni machache, yamechanganyika na nywele, na hupukutika. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana nywele tupu. Usikubali kuuziwa manyoya ya kondoo yeyote tu kwa kuwa ni kondoo.

Afya ya mnyama nayo imo ndani ya uzi. Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alipoleta kondoo wa Merino Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, walidhoofika na kufa ingawa nyasi zilionekana nzuri. Udongo ulikosa madini. Baadaye upungufu wa kobalti ulijulikana, na ugonjwa wa mifugo uliotokana nao ukaingia kwenye vitabu vya mifugo kwa jina la Nakuruitis. Kondoo aliyekosa madini, aliyeugua homa au aliyepita kiangazi kibaya huota unywele mwembamba kwa kipindi hicho, kisha unanenepa tena akipona. Mahali pale pembamba ndipo uzi utakapokatikia. Chukua kishungi kimoja cha manyoya, unene wa penseli, ushike ncha zote mbili, ukilete karibu na sikio na ukivute kwa mshtuko. Kizima kinalia kwa sauti moja kavu kama uzi wa gitaa. Kilicho dhaifu kinachakarika, au kinakatika palepale katikati. Mfugaji anayekuona ukifanya hivyo ataacha kukupa manyoya ya chini ya gunia.

Jambo la dawa nalisema kwa mkazo, kwa sababu linahusu afya. Wapo wanaosifu uzi uliosokotwa bila manyoya kuoshwa, ukiwa bado na mafuta yake yote, wakidai ndio unaofaa nepi. Kwa mfumaji wa kofia sawa. Kwa mtoto mchanga, hapana, labda uwe unamjua kondoo mwenyewe. Kondoo wetu huogeshwa au kunyunyiziwa dawa ya kupe, na dawa nyingi za aina hiyo hujificha kwenye mafuta ya manyoya. Uliza aliogeshwa lini. Kisha manyoya yaoshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka maji yatoke safi, bila kusuguliwa, na mafuta safi yarudishwe baadaye, kama nitakavyoeleza. Ukienda kwa msokotaji mwambie hivi: “Mama, naomba uzi wa Corriedale, uliooshwa vizuri, nyuzi mbili zisokotwe pamoja, na usiutie rangi.” Kwa maneno hayo atajua huyu anajua anachotaka.

Nyuzi mbili au tatu zikisokotwa pamoja huwa duara na zenye nguvu, na kitanzi chake kinajaa. Uzi mmoja uliosokotwa peke yake unavutia, lakini hulalia upande na chupi nzima inapinda kuelekea paja moja. Msokoto ukaguliwe: legeza kipande cha uzi kati ya mikono. Kikijinyonga sana, umesokotwa kupita kiasi na utakuwa mgumu. Kikiachana kwa kuvutwa kidogo tu, haujasokotwa vya kutosha.

Rangi: ya kondoo mwenyewe. Maziwa, kijivu, kahawia. Ukipenda iliyotiwa rangi, isugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikipata doa, mkojo utaitoa rangi hiyo na kuipeleka kwenye ngozi.

Tukiwa bado kwenye uzi, anayetaka kuona kazi nzuri ya sufu ya hapa asiende mbali. Kenana Knitters, kwenye shamba la Kenana huko Njoro, wamekuwa wakisokota na kufuma tangu 1998, na wanasesere wao wa wanyama wanauzwa ng'ambo, kila mmoja na kibandiko chenye jina la mwanamke aliyemfuma. Mwanasesere na chupi ya nepi ni vitu viwili, lakini vinataka jambo moja: vitanzi vishikamane kiasi kwamba kilicho ndani hakichungulii. Shika mmoja wao, ubonyeze tumbo lake, utazame kati ya vitanzi. Ubanaji wa namna hiyo ndio unaoutafuta.

Na ubanaji ndio roho ya chupi ya sufu. Iinue mbele ya dirisha, ndani ya jicho la mwanga, bila kuivuta. Ukiona nukta za mwanga zimejaa kama anga la usiku wa kiangazi, iweke chini. Mwanga ukipita kwa ufifi tu, bila nukta, endelea kuikagua. Kisha ivute kwa upana kidogo, kiasi cha paja la mtoto, uangalie tena. Nzuri inafunguka kidogo na ukiiachia inarudi yote. Isiporudi, uzi ni dhaifu au umefumwa kwa sindano nene.

Hapa wanaoanza wanadanganywa na maelezo ya kwenye donge la uzi. Maelezo hayo ni ya sweta. Uzi wa kawaida wa sweta kwa sindano namba 8, yaani milimita 4, hutoa vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Kwa chupi ya nepi uzi huohuo ufume kwa namba 10, milimita 3.25, upate vitanzi 25 au 26. Kumbuka sindano zinazouzwa huku bado nyingi zina namba za zamani za Kiingereza, na katika hesabu hiyo namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Fuma kwanza kipande cha vitanzi 30 na safu 40, ukioshe, ukilaze kikauke, ndipo uhesabu. Anayeruka hatua hii kwa haraka ya kuanza atafuma kazi nzima kama jaribio.

Mshono je? Anayeanza hupewa ule mmoja tu wa mbele, unaorudiwa kila safu, ambao hutoa kitambaa kizito chenye matuta pande zote mbili. Una sifa zake: ni mnene, haukunjiki ukingoni, na kosa dogo linajificha ndani ya matuta. Ubaya wake unajulikana chupi ikilowa. Inarefuka. Uzito wa nepi unaivuta chini mpaka inaning'inia magotini, na pengo linafunguka pajani. Kwa hiyo mimi namshauri anayeanza ajifunze mapema kupishanisha, safu ya mbele na safu ya nyuma, apate kitambaa laini upande mmoja na chenye vifundo upande wa pili. Kinavutika kidogo zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na ndivyo tunavyotaka. Matuta ayaweke sehemu ya katikati ya miguu peke yake, pale unene unapohitajika, au ashone hapo kiraka cha pili kwa ndani. Kiraka hicho nikikiona kwenye kazi ya mtu najua aliwahi kulea.

Umbo ndilo linalotenganisha mfumaji anayemjua mtoto na anayejua sindano tu. Kunja chupi katikati, mbele ilale juu ya nyuma, kiuno kwa kiuno. Kingo mbili zikilingana kabisa, mfumaji amesahau kwamba mtoto ana makalio, na juu ya makalio hayo kuna nepi ya taulo iliyokunjwa. Nyuma lazima ipande kuliko mbele kwa sentimita 3 hadi 5. Hilo linapatikana kwa safu fupi: unafuma mpaka karibu na mwisho, unageuka kabla ya kufika, unarudi, na kila mara unaongeza vitanzi vichache. Ni jambo la kujifunza kwa nusu saa na linadumu maisha yote. Chupi isiyo na safu hizo huacha mgongo wa mtoto wazi kila anapoinama, na hapo ndipo baridi ya huku inapoingia.

Kisha chukua nepi yenyewe, uikunje kama utakavyomvika mtoto, uilaze ndani ya chupi. Tazama sehemu ya katikati ya miguu. Pamba isionekane nje ya sufu hata kwa upana wa ukucha. Pamba ikichungulia huubeba mkojo kutoka ndani na kuupeleka kwenye suruali, na mama atalaumu sufu ilhali kosa ni la upana. Kwa mtoto mchanga upana wa sentimita 11 au 12 hapo kwa kawaida unatosha ikiwa nepi imekunjwa vizuri. Nepi za taulo nene zinataka zaidi. Urefu wa kutoka kitovuni, kupita katikati ya miguu, hadi kiunoni nyuma, upime kwa utepe mtoto akiwa amevaa nepi, halafu ongeza kidogo. Usipime mtoto akiwa mtupu.

Mshono wa kuunganisha usipite katikati ya miguu. Nasisitiza. Mshono ni mstari wa matundu, na pale ndipo unyevu unapokaa. Chupi nzuri hufumwa kuanzia kiuno cha nyuma, inapunguzwa kuelekea katikati, inaongezwa tena kuelekea mbele, kipande kimoja bila kukatika, kisha inaunganishwa ubavuni tu. Ingiza dole gumba ndani upapase: ncha za uzi ziwe zimefichwa kwa kupitishwa ndani ya vitanzi vya ubavuni, pasiwe na fundo lolote mahali mtoto anapokalia. Fundo dogo kama punje ya mtama litamsumbua usiku kucha na hataweza kukuambia.

Ukingo wa miguu na wa kiuno ufumwe vitanzi viwili mbele, viwili nyuma, ili uvutike. Vuta ukingo wa mguu kwa vidole vya mikono miwili. Kitambaa kikiendelea kuvutika lakini ukingo umegoma, waliofunga vitanzi vya mwisho walivifunga kwa mkono mzito. Ukingo huo utaacha alama nyekundu kwenye paja na siku moja utakatika. Ni kosa la kila anayeanza, na dawa yake ni rahisi: shika sindano nene kwa namba mbili kwa ajili ya safu ya kufunga peke yake. Mtoto akiwa amevaa, vidole viwili viingie pajani bila kulazimisha.

Mpira wa kiunoni siupendi. Unabana mtoto anaponyonya na tumbo likijaa, na hulegea haraka kwa kulowa na kukauka. Kiuno kirefu cha kuvutika, sentimita 5 hivi, kinatosha, pamoja na kamba fupi ya sufu. Kamba hiyo iwe imeshonwa katikati ya mgongo isiweze kuchomolewa, na ncha zake ziwe fupi kiasi cha kufungika tu. Ukiona kamba ndefu zenye vishada vya kupendeza, zikate. Shingo ya mtoto na kamba ndefu havipaswi kukaa kitanda kimoja.

Kazi ikishafumwa bado haijaisha. Iloweshe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, uibonyezebonyeze kwa viganja dakika chache, uisuuze, uizungushe ndani ya taulo na kuikanyaga ili maji yatoke, kisha uilaze kivulini. Sufu itajifunga kidogo na vitanzi vilivyopishana ukubwa vitasawazika. Kwa anayeanza hili ni rehema kubwa: kazi iliyotoka sindanoni ikiwa na mawimbi hurudi kutoka kwenye beseni ikiwa na heshima. Kwa sababu hiyo usimhukumu anayeanza kabla hajaosha.

Halafu mafuta. Ile krimu ya lanolini wanayouziwa mama wenye chuchu zilizopasuka kwenye maduka ya dawa ni mafuta hayohayo ya manyoya ya kondoo, yaliyosafishwa. Soma kibandiko uhakikishe ni lanolini tupu, bila manukato. Chukua kiasi cha ncha ya kidole kidogo, ukiyeyushe kwenye kikombe cha maji moto pamoja na tone la sabuni ya mtoto, ukoroge mpaka maji yageuke meupe kama maziwa. Bila sabuni mafuta yataelea juu na kushika sehemu moja tu. Yamimine kwenye beseni la maji ya vuguvugu, zamisha chupi ikiwa imegeuzwa nje-ndani, iache saa kadhaa au usiku mzima. Ikishakauka, dondoshea kijiko kimoja cha maji juu yake. Maji yakikaa juu na kubingirika, mafuta yameshika. Yakizama mara moja, rudia. Ukikagua chupi ya kununua, muombe muuzaji ruhusa ya kufanya jaribio hili; aliyeifuma kwa nia njema atakuletea kijiko mwenyewe. Mkononi chupi iliyotiwa mafuta huacha unyororo kidogo kwenye vidole. Ikiacha utelezi unaonata, mafuta yamezidi na nepi ya pamba itayapata na kuacha kunywa maji.

Baada ya hapo matunzo ni machache kuliko watu wanavyodhani. Chupi iliyopata mkojo tu inaanikwa ipate hewa na kuvaliwa tena kesho yake. Kuosha kila siku kunaimaliza. Ioshwe ikipata kinyesi, au ikiwa harufu ya mkojo haiondoki hata baada ya kuanikwa kutwa. Shampuu ya nywele inafaa kuliko sabuni ya mche, kwa sababu ukali wa mche hula sufu. Jiki kamwe: klorini huyeyusha sufu yenyewe, na utabaki na matundu. Isifikichwe, isichemshwe, isianikwe juu ya jiko. Nguo iliyokauka kwa moshi wa jikoni inakakamaa, na harufu ya moshi haitoki kwenye mafuta. Mtoto akiwa na upele usiopoa kwa siku kadhaa, mpeleke kliniki. Hakuna chupi inayotibu ngozi.

Kuna chupi zinazopita kutoka kwa dada hadi dada, na hizo zina namna yake ya kukaguliwa. Umri wake usikutishe. Sufu iliyovaliwa na watoto wawili ikatunzwa huwa imejifunga na kulainika, na mimi huichukua mbele ya mpya yenye vitanzi vilivyolegea. Tafuta matundu ya nondo, madogo ya duara, hasa kwenye mikunjo. Kisha ishike sehemu ya katikati ya miguu kati ya dole gumba na cha shahada, ulinganishe na kiunoni. Ikiwa imekonda hapo tu na kwingine ni nzima, bado ina maisha: kata safu zilizochakaa, okota vitanzi vilivyo hai kwenye sindano, ufume upya sentimita hizo chache na kuziunganisha upande wa pili. Kwa hilo unahitaji uzi uleule, uliosinyaa kwa kiasi kilekile. Chupi ya mtoto mchanga inakula kama gramu 50 za uzi, na mfumaji makini anaponunua huacha mabaki ya gramu kumi hivi, huyaosha na kuyatia mafuta pamoja na chupi, na kuyakabidhi pamoja nayo. Ukinunua chupi, yaulizie mabaki hayo.